Bibi Gena Ndani ya Mpaka Mweusi

Mke wangu Dobrinka ni mkutubi wa Dolna Krusha, kijiji ambacho siku hizi kina korongo wengi kuliko watoto. Majira ya baridi yaliyopita, ofisi ya wilaya iliwaletea wakutubi wote mafunzo ya kompyuta: kufungua ukurasa wa maktaba, kuweka picha, kujibu wasomaji, na mambo mengine ya mtandaoni ambayo mimi sina haja hata ya kuyajua. Mwalimu hakuna. Kuna mwanamume ndani ya video, mwenye sauti ya kubembeleza, anayeanza kila somo kwa kusema, "Jifunze kwa mwendo wako mwenyewe."

Maneno hayo yalinichefua kabisa. Mwambie Dobrinka aende kwa mwendo wake, naye kwanza ataifuta kompyuta vumbi, kisha atachemsha chai, kisha atarudia somo la jana kwa sababu hakulielewa vizuri. Wenzake wa vijiji jirani walishakaribia kumaliza, yeye alikuwa bado kwenye picha. Najua aliona haya, maana alikuwa akisema bila kuulizwa na mtu, "Wale wasichana wana vidole vyepesi."

Kazi yangu mimi ni kutia kuni kwenye jiko la maktaba. Kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe, nikiwa nimekaa.

Somo la picha lilitaka uweke mtandaoni picha ya msomaji unayempenda. Hapo Dobrinka hakuwa na haja ya kufikiri. Bibi Gena huja kila asubuhi, hukaa karibu na jiko, husoma riwaya za mapenzi na kuwatukana wanaume waliomo. Ana mtoto mmoja tu, Plamen, anayefanya kazi Hispania. Plamen alitaka kumchukua mama yake akaishi naye huko. Mama akasema hatoki nyumbani kwake ila ndani ya jeneza. Mwana akajibu, "Basi baki na kuta zako, zikupikie." Tangu siku hiyo ni miaka minne, na hakuna aliyempigia mwenzake simu. Kila mmoja anangoja mwingine aanze. Bibi Gena hujifanya hajali, lakini simu ya maktaba ikilia, huacha kusoma mpaka ajue ni nani.

Basi Dobrinka akampiga picha. Alipogundua kwamba picha inaweza kuwekewa mpaka, alifurahi kupita kiasi, akachagua mweusi, tena mnene. "Unatuliza macho," akasema. Rangi za picha akaziondoa ili ipate heshima. Chini yake akaandika: Gena Marinova, aliyezaliwa 1939. Msomaji wetu mpendwa. Tutakuthamini daima. Akabonyeza, akajifuta jasho, akaenda zake nyumbani kukanda unga wa pai ya jibini.

Kesho yake tulipofungua maktaba, ukurasa ulikuwa umejaa maoni.

"Metodi! Njoo uone! Watu tele! Walioko Italia, walioko Ujerumani, wote wa kwetu!"

"Wanasemaje?"

Akavaa miwani. Akaivua tena. Nikasogea nikasoma nyuma ya bega lake. Mungu amsamehe. Udongo uwe mwepesi juu yake. Poleni sana wafiwa. Na mishumaa, na maua, na mishumaa tena.

Ndipo nilipoitazama ile picha sawasawa, nikakaa chini. Huku kwetu hakuna mlango, nguzo wala kituo cha basi kisichobandikwa picha za marehemu, ndani ya mpaka mweusi kama ule ule, jina na mwaka chini yake. Mtu wa kwetu akiona hivyo hasomi zaidi, anavua kofia.

"Umemuua Bibi Gena," nikamwambia mke wangu.

"Nyamaza, wewe!" Machozi yalishamlenga. "Naifuta sasa hivi. Inafutwaje, Metodi? Kufuta ni somo la ngapi?"

Mlango ukafunguliwa. Bibi Gena akaingia akikung'uta theluji miguuni. Akatuangalia.

"Nani kafa?"

"Wewe," nikasema.

Dobrinka akaeleza yote huku akiomba radhi kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nangoja fimbo yake ya kutembelea ituangukie. Bibi Gena akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta.

"Hebu nisomee."

"Tinka wa Verona anasema ulikuwa na moyo wa dhahabu."

"Mwongo mkubwa! Aliniita nyoka mbele ya padri!"

"Bwana Asparuh anasema hakuna atakayepika kabichi kama wewe."

"Hapo amesema kweli. Endelea."

Tukacheka sana, hata Dobrinka. Bibi Gena alikuwa amenyooka mgongo, mashavu yamemwiva. Kisha akauliza, macho yakiwa kwenye jiko, "Na Plamen?"

"Hajaandika, Bibi."

"Basi usifute."

"Bibi Gena, hii ni dhambi! Mtoto akiona..."

"Na aone! Kaninyamazia miaka minne. Alie kidogo, mimi nimelia zaidi."

Dobrinka akanitazama nimsaidie. Mimi ninayejua kila kitu nikaligeukia jiko. Nilimkasirikia yule mama na kumwonea huruma kwa pamoja, nikaongeza kuni ambazo jiko halikuzihitaji.

Haikufika saa sita mchana. Dobrinka aliguna tu, nikajua ni Plamen.

"Soma," Bibi Gena akasema.

"Bibi..."

"Nimesema soma!"

Dobrinka akasoma polepole. "Mama, Pasaka hii nilikuwa nakuja. Nilishaomba ruhusa kazini. Sikukuambia, nilitaka nikukute mlangoni."

Bibi Gena alikuwa ameyangoja machozi ya mwanawe, na sasa alipoyapata hakuyataka. Uso ukamkunjamana. Akaanza kujipigapiga mapajani.

"Mpigieni! Mpigieni simu!"

Nikapiga namba aliyokuwa nayo. Ilikuwa ya zamani, haipatikani.

"Basi mjibu humo humo, Dobrinka! Mwanangu analia peke yake!"

"Sijafika somo la kujibu, Bibi!" Akalifungua somo lenyewe. Yule mwanamume akatokea akitabasamu.

"Karibu. Jifunze kwa mwendo wako mwenyewe. Kabla hatujaanza, vuta pumzi ndefu..."

"Vuta mwenyewe!" Bibi Gena akamfokea. "Sema pa kubonyeza, mjinga wewe!"

Dobrinka akamwacha mwalimu wake akibembeleza hewa. Akarudi kwenye ukurasa, akainamia kioo mpaka pua ikakaribia kugusa, akabonyeza hapa, akarudi, akabonyeza pale. Kisanduku cha kuandikia kikafunguka chini ya maneno ya Plamen.

"Nimepata!" akasema. Nilimpenda sana mke wangu dakika ile. "Niandike nini?"

"Andika, niko hai."

"Hataamini," nikasema. "Atadhani kuna mtu anamfanyia mzaha."

Bibi Gena akafikiri. "Andika hivi: Basi njoo, punda wewe, na usisahau kofia. Atajua ni mimi, hakuna mwingine anayemwita punda."

Dobrinka akaandika, akabonyeza. Tukakaa, watu wazima watatu, tukitazama kompyuta, na yule mwanamume wa video bado anasifu uvumilivu.

Simu ya maktaba ikalia. Namba yake iko kwenye ukurasa tangu somo la kwanza. Mimi nina miguu mizima, lakini Bibi Gena na fimbo yake alinitangulia. Sauti ilitoka humo kwa nguvu, sote tukaisikia.

"Mama? Ni wewe? Uko hai?"

Bibi Gena akaibana simu sikioni. Akatikisa kichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama tunavyokubali sisi watu wa hapa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Mama! Nijibu!"

"Sema kwa mdomo, Bibi!" Dobrinka akapiga kelele. "Hakuoni!"

"Nipo," Bibi Gena akasema. "Nipo, mwanangu. Nipo."