Faili la Takataka

Ofisini walimwita Bi Namba, naye hakuchukia, maana kwa namba hakuwa na mpinzani. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekalia kiti kilekile kinacholia, akipima mbio za maji. Bahari, wewe usiione imetandaa ukadhani ni bwawa! Upande wake wa magharibi, kandokando ya pwani, maji hubanana na kukimbia katika mkanda mwembamba, kama watu wanaotoka uwanjani kwa mlango mmoja. Ndani ya mkanda huo ofisi ilikuwa imetia nanga waya mrefu uliofungwa vipimo, na kila saa vipimo vilileta namba mezani kwake.

Asubuhi ile chai ilimshinda. Mdogo wake, tumbo moja, mzamiaji wa meli ya utafiti, alikuwa anashuka saa nne kukata kamba iliyojiviringisha kwenye ule waya, mita ishirini chini. Nahodha alikubali kwa sababu jedwali la Bi Namba lilisema maji ya pale yanakwenda polepole.

Jana yake walikuwa wameongea kwa simu. "Dada, una uhakika na jedwali lako?"

"Nimekudanganya lini mimi?"

"Uliniambia mke wangu ni mpole." Akacheka mwenyewe. "Haya bwana. Nikipotea nitafute kwenye takataka zako."

Takataka lilikuwa jina la faili. Mwaka wa kwanza wa Bi Namba kazini, kipimo kimoja kibovu kilitoa namba za kichaa mbele ya wageni, na Mkuu wa ofisi akaona aibu ya kufa mtu. Bi Namba, na ugeni wake na kiherehere chake cha kutaka kusifiwa, akaandika mstari mmoja kwenye programu: chochote kinachozidi mita moja kwa sekunde ni kosa, kitupwe huko. Akasifiwa kweli. Tangu siku hiyo hakuna aliyelifungua faili lile, maana nani ana muda wa kuchokoa takataka?

Saa nne na dakika kumi mvua ikaanza kupiga mabati. Bi Namba akalitazama tena jedwali la mwezi. Vipimo vilipaswa kuwa zaidi ya mia saba, vilikuwepo mia mbili na kidogo. Pengo hilo alikuwa ameliona wiki iliyopita, akajisemea ni betri, akaendelea na mambo yake. Leo moyo ukamkatalia, akafungua Takataka.

Namba zilikuwa zimejaa tele. Mita moja na nusu. Mbili. Mbili na robo. Kipimo kibovu hurukaruka ovyo, lakini hizi zilipanda taratibu na kushuka taratibu, siku baada ya siku, kama kifua cha mtu aliyelala. Akarudi nyuma mwaka mmoja, miwili, mitano. Kila mwaka mbio ziliongezeka, na kila mwaka programu yake ilizitupa, ikambakishia yale maji ya polepole tu.

"Mama yangu weee," akasema, akatoka mbio.

Chumba cha redio kilikuwa mlango wa pili. Mkuu alikuwa amekaa mbele ya ramani, kipaza sauti mkononi, ametulia tuli. Mzamiaji alikuwa amefungwa kiunoni kamba yenye boya dogo linaloelea juu, na boya hilo lilituma mahali lilipo kila dakika.

"Mvua imeziba kila kitu, hatulioni boya," nahodha alikuwa anasema redioni. "Ninyi mnamwonaje?"

"Yupo palepale," Mkuu akajibu. "Hajasogea hata hatua. Msing'oe nanga wala msiwashe injini, msije mkamuumiza."

Bi Namba akaitazama nukta ya kijani. Kweli haikuwa imesogea. Lakini ramani ile na vipimo vyake vilipita kwenye programu moja, na boya likikimbia zaidi ya mita moja kwa sekunde, nalo lingetupwa.

"Mkuu, nipishe."

"Kuna nini tena?"

"Nipishe, nimesema!"

Hakuwahi kumpandishia Mkuu sauti. Mkuu akampisha. Bi Namba akafungua faili la Takataka, na mdogo wake alikuwa humo, mstari kwa mstari, kila dakika mmoja, tangu saa nne na dakika tatu. Mstari wa ishirini ulikuwa kilomita mbili na nusu kaskazini ya meli.

Akanyakua kipaza sauti. "Nahodha, hayupo hapo! Maji yamembeba kaskazini. Nenda, baba, nakuomba, nenda!"

"Alishuka na hewa ya dakika arobaini tu," nahodha akasema. "Tunawasha. Nisomee, dada, usinyamaze."

Akasoma wa ishirini na moja, wa ishirini na mbili, wa ishirini na tatu. Kila mmoja ulikuwa mbali kuliko uliotangulia.

"Ni nani aliyeweka kikomo hicho cha kijinga?" Mkuu akauliza kwa sauti ndogo, akisoma kichwa cha faili: zaidi ya mita moja, kosa.

"Mimi."

Akasoma wa ishirini na nne, akasubiri wa ishirini na tano. Saa ya ukutani ikamaliza dakika, ikamaliza nyingine, mstari haukuja.

"Dada," nahodha akaita, "mbona umenyamaza?"