Choo cha Chini

Ramani ya kwanza ya nyumba zile ilikuwa na choo chini. Msanifu mwenyewe ndiye aliyekifuta, kwa sababu kilikata ukuta wake wa matofali, na ukuta ule aliupenda kuliko watu watakaoishi humo. "Vyoo vya juu vinatosha," alimwambia mwenye mradi. "Chini pawe wazi." Mwenye mradi akamsifu, msomi wetu kichwa kikamvimba.

Basi nyumba zikasimama, zimeungana ubavu kwa ubavu chini ya miti mikubwa ya mtaa wa wenye nazo, matofali mekundu na zege tupu lisilopakwa rangi. Siku ya kuwaonyesha wanunuzi, msanifu akamleta mama yake. Mama huyu, mwenye magoti mabovu na kibofu kisichojua kusubiri, alikuwa amemsumbua kweli kweli: "Nataka nione kazi ya mwanangu kabla sijafa." Jamani, alivyopendeza siku ile! Gauni jipya, mtandio mpya, viatu vinambana hatari.

Mama akapapasa ukuta, akatabasamu, kisha akamvuta mwanawe pembeni. "Baba, choo kiko wapi?"

"Juu, mama."

Mama akazitazama ngazi. Zege, nyembamba, hazina hata reli ya kushikia, maana reli nayo eti ingeharibu sura. Akapanda moja, akapumzika. "Nenda kwa wageni wako," akasema. "Mimi nitajikongoja."

Naye akaenda! Wala hakumshika mkono, akaenda kuwaeleza watu habari za mwanga na madirisha. Aliporudi, mwenye mradi na wanunuzi wakimfuata, alimkuta mama ameinama chini ya ngazi, anafuta sakafu kwa ule mtandio.

"Vipi tena hapa?" mwenye mradi akauliza.

"Maji yamemwagika, bosi," mama akajibu upesi, bila kumtazama mwanawe. "Mimi ni mtu wa usafi."

"Haya, ukimaliza hapo panda na juu, kuna vumbi."

"Sawa, bosi."

Msanifu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua yale si maji, na alijua mama anamsitiri nani. Na kibaya zaidi, kwa kitambo kidogo alishukuru. Alishukuru, mtoto wa kuzaliwa! Aibu ikamchoma mwili mzima, akashindwa kuibeba.

"Huyo si mtu wa usafi," akasema kwa sauti. "Huyo ni mama yangu mzazi."

Alidhani amemwokoa. Lakini wageni walitazama sakafu, wakatazama gauni la mama lilivyolowa nyuma, wakaelewa. Mmoja akageuza uso. Mwingine akajifanya anasoma simu. Mama akajifunika kwa mtandio, nao ulikuwa umelowa vilevile.

"Mwanangu," akasema polepole, "si ungeniacha tu niwe mtu wa usafi?"