Tone la Babu

Siku ya kupimwa akili, Cosmas alioga bila kusukumwa, akavaa shati la kanisani, akawapokea wageni mlangoni kama mwenye harusi. Dada yake, Sesilia, alitamani kumzaba kofi. Jana tu alimwokota ngazini, macho ya manjano kama bizari. Na hospitali ilishasema: ini limekwisha, akiendelea kunywa hamalizi mwaka.

Wageni walikuwa madaktari wawili na afisa wa ustawi wa jamii, wamebanana kwenye kochi la flati yao huko ughaibuni, Edmonton. Aliyeongea ni Daktari Kalpana, Mhindi aliyekulia Arusha, Kiswahili kimemkaa mdomoni.

"Mchukueni leo leo," Sesilia akasema.

"Dada yangu, kwa ulevi peke yake sheria hainiruhusu kumlaza mtu kwa nguvu. Mpaka awe na ugonjwa wa akili, tena wa kuhatarisha maisha. Anasikia sauti? Anaongea na wasioonekana?"

Sesilia akatazama zulia. Kila akifungua chupa, Cosmas humwaga tone sakafuni: "Pokea, babu, koo lisikukauke." Zulia lenyewe lilishalewa.

"Anaongea na babu yetu," akasema.

"Yuko wapi?"

"Kaburini. Kibosho."

Kalamu zote tatu zikaanza kukimbia. Cosmas akamgeukia, kicheko kimemkatika. "Dada! Leo unasema kumsalimu babu ni wazimu?"

"Babu huwa anakujibu?" daktari akamuuliza.

"Siku akijibu, daktari, pombe naacha."

Daktari akajizuia kucheka. "Dada, na kwenu nani mwingine humsalimu?"

Neno moja tu, "hakuna", na mdogo wake angelala hospitali usiku ule. Angelala humo kama kichaa, na babu angekuwa ndiye shahidi. Sesilia akalitafuta neno, likagoma kutoka.

"Sote," akasema. "Hata mimi. Krismasi, kwa soda."

Kalamu zikasimama. Daktari akaeleza: Cosmas akitaka mwenyewe, atatafutiwa matibabu; asipotaka, basi. Na kumfungia ndani ni kosa.

Walipoondoka, Cosmas akavaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Dukani."

"Baba yangu, nakuomba." Sesilia akaegemea mlango kwa mgongo, mikono ameitandaza.

Cosmas hakumsukuma. Alisimama mbele yake, ananukia sabuni.

"Sogea, dada," akasema kwa upole. "Si umesikia sheria?"

Alisikia. Alikaa pale mpaka miguu ikamwuma, kisha akasogea.