Dereva Mwenye Masharubu ya Kubandika

Mjomba wangu ana lori moja na mdomo wa malori kumi. Leseni ya magari makubwa ninayo, tena nimeisotea, lakini kila nikimwomba ufunguo jibu ni lile lile: "Lori si sufuria, binti." Siku moja aliponijibu hivyo tena, Mungu anisamehe, nilitamani kumrushia hilo sufuria.

Bibi, mama yake wa kumzaa, akadakia kutoka kwenye kochi. "Mbona mimi niliendesha lori la kukamata vifaru kwenye ile sinema ya wageni? Nyota wao mwoga, akimwona kifaru tu anatimka. Wakanivika shati lake, kofia yake na masharubu ya kubandika, wakaniambia haya, kanyaga mafuta."

"Mama na hadithi zako!" Mjomba akacheka mpaka akapaliwa. Miaka yote anacheka hivyo, na watoto wake nao wamejifunza kumwita bibi yao Mama Kifaru. Bibi hucheka pamoja nao, ila mimi namjua. Inamuuma.

Basi runinga si ikatangaza kwamba Jumapili mchana wataonyesha sinema hiyo hiyo! Mjomba akabwaga ufunguo mezani. "Mama akionekana humo, Jumatatu saruji unapeleka wewe. Asipoonekana, habari za lori nisizisikie tena maisha."

Jumapili tukajazana sebuleni, ufunguo uko mezani, majirani wamebanana mpaka mlangoni. Sinema yenyewe vituko vitupu: nyani kaiba suruali ya daktari, mbuni anamfukuza mpishi kuzunguka hema. Watu hawana mbavu. Mimi wala sikucheka. Kisha likatokea lori nyikani, kifaru yuko mbele, vumbi tupu. Dereva anaonekana kwa nyuma tu, kofia na ncha ya sharubu. Akakata kona, lori likainuka upande mmoja, likarudi chini kwa kishindo, mtu wa nyuma akarusha kamba, ikamnasa kifaru shingoni.

"Huyo mwanamume," Mjomba akasema, akanyoosha mkono kuchukua ufunguo wake.

Hapo yule mwanamume wa masharubu akaachia kigelegele.

Kigelegele, jamani! Kirefu, chembamba, kinakatika kwa kwikwi halafu kinapanda tena. Mtaa mzima hakuna mwingine anayekipiga hivyo. Ndicho kilichompokea kila bibi harusi wa hapa, mke wa Mjomba akiwemo. Yeye ndiye aliyeruka kitini wa kwanza. "Mama mkwe! Ni wewe!"

"Waliniambia nifunge mdomo," Bibi akasema, anacheka na machozi yanamtoka. "Sasa mtu umekamata kifaru, utanyamazaje?"

Wenye sinema hawakukiondoa kigelegele chake. Labda walidhani ni ndege.

Sebule ikalipuka kwa shangwe. Mjomba akapiga magoti mbele ya kochi. "Mama, nisamehe. Nimekuita mwongo mbele ya wanangu." Bibi akampapasa kichwa, akachukua ufunguo mezani, akanitia mkononi. Nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

Asubuhi nikawasha lori. Mjomba akaja upande wa abiria, akafungua mlango, akamkuta Bibi keshaketi na mkanda kaufunga.

"Mama, sasa mimi nikae wapi?"

"Nyuma kuna nafasi, baba. Shikilia vizuri."

Akapanda juu ya saruji, akashika kamba kwa mikono miwili, nami nikaliondoa gari.