Nyota Tano za Marehemu Nedyalka

Mume wangu Ognyan alijifunza kuandika programu kwa kusoma kitabu, na alipofika sura ya tisa akamuua mama yangu.

Msishtuke. Mama yu hai, na wakati huu ninapoandika yuko jikoni anabishana na redio. Lakini kwa muda fulani alikuwa marehemu mbele ya macho ya dunia nzima, na aliyemfanya hivyo ni mkwe wake, bila chuki yoyote, kwa ujinga mtupu uliofungwa kwa jalada gumu.

Kiwanda cha pampu kilipofungwa, wanaume wa mji wetu wa Kamenik waligawanyika makundi mawili: waliokwenda Hispania kuchuma machungwa, na waliobaki kutueleza kwa nini hawakwenda. Ognyan alikuwa wa kundi la pili, tena hodari wao. Kaka yangu Plamen alikwenda. Alimwahidi mama kwamba atarudi Pasaka, hakusema ya mwaka gani. Tangu hapo mama hakutaka kitu kingine duniani ila kumwona Plamen akivuka kizingiti cha nyumba yetu. Chumba alicholala utotoni hakuruhusu hata nitundike nguo. Kila Pasaka alipaka mayai rangi nyekundu, akaweka moja la Plamen pembeni, na likikaa mpaka likaoza alilitupa mwenyewe.

Kitabu Ognyan alikinunua sokoni, kwa mtu anayeuza pia betri na soksi. Kilikuwa kinene kuliko Biblia ya kanisani, na kilifundisha PHP, lugha ya kuandikia tovuti. Alikiweka juu ya meza ya chakula, akavaa miwani, akatutangazia kwamba watu wa Sofia, mji mkuu, wanaoijua lugha hii wanaishi kama mawaziri. Kuanzia siku hiyo hakutumwa dukani wala hakuchoma pilipili hoho za akiba barazani kama wanaume wengine msimu ule. Alikuwa anasoma.

Na hakusoma kimya. Siku moja alikuja jikoni na uso wa mtu aliyetokewa na malaika, akatueleza kwamba kwenye programu kitu kiitwacho kigeu ni kisanduku: unakipa jina, unatia kitu ndani, ukikihitaji unakiita kwa jina lake. Mama, aliyekuwa anamenya pilipili, alimuuliza mitungi yake ya achari iliyoko ghalani, yenye majina juu ya vifuniko, huko Sofia wangemlipa kiasi gani. Ognyan akasema mtu asiye na msingi haelewi, akarudi kwenye sura yake.

Sasa, kitabu chenyewe kilikuwa na namna yake. Aliyekiandika ni Mmarekani, na kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho alikuwa anajenga kitu kimoja tu, duka la viatu. Kila sura iliongeza chumba kwenye duka lile: huku rafu, huku kikapu cha mnunuzi, huku mahali pa wateja kutoa maoni na nyota. Ognyan alinakili kila mstari kwa vidole viwili, nukta kwa nukta. Kwa hiyo msije mkasema alijifunza kuandika programu. Alijifunza kuandika duka la viatu, na lile tu.

Hapo ndipo alipotokea Trifon, muuza majeneza wetu. Kwetu mtu akifa tanzia yake hubandikwa kila mahali: mlangoni kwake, kwenye nguzo za umeme, kituo cha basi, ukuta wa posta. Zikifika siku arobaini inabandikwa nyingine, ikifika nusu mwaka nyingine, na mwaka, na kuendelea, mpaka wajukuu wachoke. Zote huchapwa na Trifon. Lakini Trifon alikuwa na malalamiko. Wafu wake wako hapa, alisema, lakini wafiwa wako Valencia huko Hispania, na nguzo za umeme za Kamenik hazionekani kutoka Valencia. Alitaka tanzia zake ziingie kwenye mtandao, na alisikia kwamba Ognyan ni injinia wa mambo hayo. Ognyan hakumsahihisha.

Jioni ile aliniambia kazi ni ndogo. Alichukua duka lake la viatu, palipoandikwa kiatu akaandika marehemu. Basi. Palipoandikwa mwaka wa kutengenezwa, akaandika mwaka wa kuzaliwa. Kikapu cha mnunuzi kikawa cha mashada na mishumaa. Saizi ilimshinda, hakujua aifanye nini, akaiacha. Trifon alipoiona aliifurahia sana, akidhani ni ya jeneza. Chini kabisa ya kila tanzia palikuwa na maneno haya: "Waliomtazama marehemu huyu waliwatazama pia wafuatao." Nilimwambia Ognyan kwamba hii ni aibu. Akaniambia sura ya nane imesema hicho ndicho kinachomfanya mgeni akae.

Sura ya tisa iliagiza kwamba kabla ya kufungua duka, weka bidhaa moja ya kweli, uone kama inatokea vizuri. Ognyan akatafuta mtu. Mama yake mwenyewe hakuthubutu, ni mkosi. Jina la kubuni hakutaka, kitabu kilisema ya kweli. Na mama yangu, kama wanawake wengi wa umri wake, alikwisha kujiandalia kila kitu. Nguo za kuzikiwa zilikuwa kabatini zimepigwa pasi. Jina lake lilikwisha kuchongwa kwenye jiwe la baba, pembeni, mwaka wa mwisho tu haujatiwa. Na tanzia yake aliitunga mwenyewe, kwa sababu hakutuamini, akaichagulia picha aliyopiga akiwa na miaka arobaini na nywele za saluni. Ilikuwa kamili, tamu kusoma, imekosa tarehe tu. Kitabu kinakataza kuacha tarehe wazi. Ognyan akaweka ya siku ile.

Na kwa kuwa hakujua kwamba mtu hujaribia mambo yake pembeni kwanza, alijaribia pale pale palipokuwa wazi kwa watu wote. Trifon naye alikuwa amekwisha kuwapa anwani wateja wake wote walioko ughaibuni.

Asubuhi Genka, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuja na sahani ya ngano ya kuchemsha kwa ajili ya roho ya marehemu. Aliyemfungulia mlango ni marehemu.

"Nedyalka," akasema Genka, baada ya kukaa chini na kupewa maji, "mimi binti yangu kanipigia kutoka Milano analia. Nikasema lazima ni usiku huu huu, maana jana nilikusikia ukimtukana paka wangu."

Mama alitaka kujionea. Ognyan akampa kiti mbele ya kompyuta. Mama alijitazama muda mrefu. Alisema picha imetoka vizuri. Halafu akauliza kwa nini pameandikwa saizi thelathini na nane wakati yeye anavaa thelathini na saba. Ognyan akasema hiyo ilikuja na kitabu.

"Basi nifute."

"Kufuta ni sura ya kumi na mbili, mama."

"Na wewe uko ya ngapi?"

"Ya tisa."

Nilimwambia airuke, aende moja kwa moja kwenye ya kumi na mbili. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo barabarani. Sura zinajengana, alisema, huwezi kuruka. Nadhani yule Mmarekani aliona kufuta ni jambo la hatari, lisipewe mtu kabla hajakomaa. Lakini sura ya kuua aliiweka mapema.

Mji mzima ulicheka wiki ile. Watu waliomwona mama sokoni akichagua nyanya walirudi nyumbani wakamwandikia maoni na kumpa nyota, kama kiatu. Genka alimpa mbili. Mwingine aliandika kwamba marehemu alikuwa imara na wa kudumu ila alikuwa anabana. Trifon alinuna, akasema biashara yake inafanyiwa mzaha, lakini wageni wa tovuti walikuwa wengi kuliko alivyoota, akanyamaza. Mama alisoma kila kitu. Alisimama barazani akamuuliza Genka kwa sauti hizo nyota nyingine kamwekea nani. Sikumwona akiwa na afya njema hivyo tangu baba afariki.

Waliomlilia kwa kweli walikuwa wale wa mbali tu, wasioweza kumwona sokoni. Binti wa Genka, mwanafunzi mmoja wa mama wa tangu enzi za ualimu wake, aliyeko Ujerumani, na mwanamke wa Toronto ambaye hatukumkumbuka.

Ognyan alifika sura ya kumi na mbili siku ya Alhamisi. Alituita wote tushuhudie. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe mama alipomshika mkono.

"Acha kwanza," akasema. "Plamen hajaona."

Nikamuuliza anasema nini.

"Nasema Plamen hajaona. Akiona atakuja. Kwa mama aliye hai mtu huweza kukosa nafasi, najua, kazi ni nyingi. Kwa maziko mtu huja. Akishakuja atanikuta, nitamwomba radhi, atakasirika kidogo, tutakula."

Nilitamani kumkemea, na moyo uliniuma nikashindwa. Namba ya Plamen sikuwa nayo, alikuwa anabadilisha simu kila apatapo mkubwa mpya, ila nilijua kwamba watu wote wa Kamenik walioko kule husoma tovuti ya Trifon kama gazeti. Angeona. Ognyan aliondoa kidole, na kwa mara ya kwanza tangu anunue kile kitabu hakuwa na la kufundisha.

Mama alipaka chumba cha Plamen chokaa mwenyewe. Alitandika kitanda. Basi la kutoka Sofia lilipokaribia kufika, Ijumaa na Jumamosi, alikuwa barazani amevaa sketi nzuri, anajifanya anakagua maua. Genka aliyemcheka wiki nzima sasa alikuwa akitoka na kusimama naye, wakizungumza habari za bei ya sukari. Basi lilishusha watu, likaondoka.

Jumapili asubuhi Ognyan alifungua kompyuta, akafunga haraka. Hana uwezo wa kuficha kitu mtu yule. Mama alimwambia afungue.

Plamen alikuwa ameona. Alikuwa amechukua shada kutoka kwenye kikapu, lile dogo la maua ya waridi, lile la picha tu, ambalo halifiki popote. Alikuwa amempa nyota tano. Chini aliandika: "Pumzika kwa amani mama, ulikuwa bora. Nisamehe, kazi imebana." Na chini ya hapo, kwa kuwa duka la viatu haliachi mtu aondoke hivi hivi, palikuwa na jibu linalojiandika lenyewe: "Asante, Plamen! Tunatumaini utarudi tena hivi karibuni."

Ognyan alisema kwa sauti ndogo kwamba jibu lile lilikuwa sura ya saba, alisahau kulibadilisha. Nikamwambia anyamaze. Mama aliuliza nyota tano ndizo nyingi kuliko zote, au kuna zaidi. Ognyan akasema ndizo nyingi kuliko zote. Mama akaitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kukoroga supu.

Simu ililia tukiwa mezani. Ile simu yetu ya mezani ina sauti kubwa, hata mtu aliye kwenye ngazi husikia anayesema upande wa pili. Mama ndiye aliyekuwa karibu. Mimi na yeye tuna sauti moja, hata baba alikuwa akituchanganya, na Plamen alikuwa hajasikia ya yeyote kati yetu kwa muda mrefu.

"Rumi? Ni mimi."

Mama alinitazama, maana Rumi ndiye mimi. Nilinyoosha mkono nipewe simu, hakunipa.

"Nakusikia," akasema.

Plamen alisema pole. Akaeleza juu ya msimu wa machungwa, juu ya mkubwa wake ambaye hana utu, juu ya tiketi zilivyopanda. Akauliza kama maziko yalikwenda vizuri na kama watu walikuja. Mama alisema watu walikuja, Genka alileta ngano. Plamen akasema Genka ni mtu mzuri. Halafu akakohoa, akaniuliza, yaani akamuuliza, nyumba sasa imeandikwa kwa jina la nani, na kama tumefikiria kuuza, maana yeye angeweza kuchukua likizo wakati wa kiangazi kwa ajili ya hayo, wakati wa kiangazi wanampa ruhusa.

Ognyan aliweka kijiko chini. Mimi nilikuwa nalia tayari, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

"Hatuuzi," mama akasema. "Kuna mtu anakaa."

"Nani tena?"

"Mama mmoja mtu mzima. Kafiwa na mwanawe huko huko Hispania."

Nilisikia magari yakipita nyuma yake, na mtu akimwita kwa lugha ya kule.

"Maskini," akasema. "Mpe pole zangu."

Mama akamwambia zimefika, akaweka simu chini.