Pumba Ndani ya Makintoshi

Hanifa alipitisha tupa mara nyingine kwenye ncha ya bisibisi ndefu, akaipuliza, akaiingiza tena katika tundu refu nyuma ya Makintoshi. Ikazunguka bure. Skrubu za kompyuta ile zilikuwa na kichwa cha nyota, tena zilikaa ndani kabisa, kana kwamba aliyezifunga hakutaka mtu mwingine azifikie.

"Mama Asia, utaichonga hiyo bisibisi mpaka ubaki mpini," alisema mumewe, Ridhwani, akijipepea kwa gazeti.

"Ikiisha nitaazima ulimi wako, maana wenyewe hauishi."

Davidi, mwenye mashine, alicheka. Mkewe, Anyes, hakucheka. Alikuwa amekaa kizingitini mwa duka, amejifunika khanga mabegani licha ya joto la Kyela, macho chini.

Davidi alikuwa ameinunua Makintoshi kwa wajomba zake wa Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe. Siku ya kuileta dukani kwa Hanifa ili amuuzie, alimwachia Anyes kazi ya kuifunga. Anyes ni mtu wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa. Tangu utotoni amefunga vyungu vya kupanda mtumbwi kwenda sokoni, na chungu hakifungwi kitupu. Pumba za mpunga hujazwa nje, zikajazwa na ndani, kisigongwe kikapasuka. Basi alipouona mdomo wa kuingizia diski uko wazi, akaujaza. Matundu ya juu nayo akayajaza. Asubuhi walipoiwasha, kioo kilionyesha picha ya uso mdogo unaotabasamu, kisha duka zima likanuka majani yanayoungua. Hanifa akachomoa waya.

Kwenye meza ya pili ilikaa kompyuta iliyounganishwa kwa vipuri mbalimbali, mali ya fundi mmoja wa Mbeya. Fundi yule aliifungua mbele ya Hanifa kwa bisibisi ya kawaida, akamwonyesha nafasi ya kuongeza kumbukumbu na ya kupachika diski kubwa zaidi. Vipuri, alisema, vinapatikana Mbeya, na hata vya kampuni nyingine vinaingia. Lakini bei yake ingemeza fedha yote, printa isinunulike. Makintoshi ilikuwa rahisi, inakuja na printa yake, na herufi zake zilipendeza hata kwa kadi za harusi. Kesho, kwa basi la kwanza, fundi angekuja kuchukua fedha au mashine yake.

Na fedha yenyewe ilikuwa shamba la mpunga la Ndandalo, alilorithi Hanifa kwa mama yake. Ameshaliuza. Wateja wa taipureta walikuwa wakipungua kila mwezi, naye aliona heri awahi. Akikosea sasa, hana duka na hana pa kulima.

"Ile ya Mbeya haina printa," Ridhwani alisema. "Mteja akitaka barua yake, tutamwambia achungulie kiooni?"

"Na hii ikiharibika tutaipeleka kwa nani?"

"Shemeji," Davidi aliingilia, "wajomba wameitumia miaka. Haijawahi kufunguliwa hata siku moja."

"Hapo ndipo ninapoogopa, shemeji. Haijafunguliwa kwa kuwa ni nzima, au kwa kuwa haifunguki?"

Davidi alijikuna shingo. Hanifa akarudi kwenye tupa. Alichonga pembe tatu tu, akijaribu zikamate nyota. Safari hii bisibisi iliuma. Skrubu ya kwanza ililia, ikalegea; nyingine zikafuata kwa shida. Ganda likaachia upana wa kidole.

Alimulika tochi. Pumba zilikuwa zimelala juu ya bamba la vyuma vidogo, na baadhi zilikuwa nyeusi.

Ridhwani akanyoosha mkono azitoe.

"Usiguse!" Hanifa alimpiga kofi kiganjani. "Kioo cha picha kinakaa na umeme hata waya ukichomolewa. Televisheni ya jirani iliwahi kunitupa ukutani hivyo hivyo. Leo tuiache ipoe."

"Na fundi je?"

"Atatukuta tunatoa pumba. Nitamwomba asubiri nione kilichoungua. Akikataa..."

"Ni mimi nimeiua," Anyes alisema.

"Hatujajua kama imekufa, mdogo wangu. Njoo kesho mapema. Wewe ndiye unayejua ulijaza wapi. Mimi nitashika tochi, wewe utatoa."

"Ndaga," alisema Anyes, akishukuru kwa Kinyakyusa, na kwa mara ya kwanza akainua uso.

Walipoondoka, Ridhwani alisogea karibu na mkewe. "Sema kweli. Moyoni unataka ipi?"

Hanifa alizitazama kompyuta zote mbili.

"Usiniulize leo, Baba Asia," alisema. Akatandika kitambaa juu ya Makintoshi bila kulibana tena ganda, akazipanga skrubu ndani ya kisosi, akaenda kufunga mlango.