Kiganja cha Rhett

Ndani ya gari Adelyn alimnong'oneza mdogo wake kwa mara nyingine tena, maana Noreen, mlezi wao, alikuwa mbele anaendesha na hakutaka asikie.

"Mama akikwambia weka mkono kwenye karatasi, unaweka. Umesikia wewe?"

"Kwani nimekataa?"

"Na bata mzinga wako akiisha, unampa Mama. Unamwachia yeye."

Rhett alitafuna biskuti yake polepole kama mzee. "Utanipa nini?"

"Nitakupa dinosau langu la kijani."

"Na la bluu."

"Haya, na la bluu. Mlafi wewe."

Adelyn alipokuwa anaishi na Mama, kila ilipokaribia Sikukuu ya Shukrani, ile ya Novemba ya kula bata mzinga, walitengeneza bata mzinga wa karatasi. Unaweka mkono, unachorwa pembeni mwa vidole. Kidole gumba ndicho kichwa, vingine ni manyoya, na kwenye kila unyoya unaandika kitu unachoshukuru. Bata wa Adelyn wote bado wako ukutani jikoni kwa Mama, wamebandikwa kuanzia kale kadogo ka mwanzo. Wa Rhett hayupo hata mmoja. Ustawi wa jamii walipowachukua kwa Mama, Rhett hakuwa na hata jino.

Na sasa wiki ijayo jaji anaamua kama watarudi kwa Mama au la. Wakili alimwambia Mama asitegemee sana. Mama alimwambia Adelyn kwenye simu, kwa sauti iliyokauka, "Nataka kiganja chake tu, Addie. Nikibandike pale. Basi."

Kwa hiyo Adelyn alikuwa na kazi moja tu siku ile.

Mama alishawasili kwenye chumba cha kuonana. Alikuwa ameosha nywele, amepaka rangi ya midomo, na karatasi alishazipanga mezani: kahawia, nyekundu, njano. Simu yake aliiacha mapokezi, ndiyo sheria. Bi Lundgren, mtu wa ustawi wa jamii, alikaa kwenye kona na kompyuta mapajani. Safari moja Mama alilia, na Bi Lundgren akaandika kwamba watoto waliogopa. Siku hizi Mama halii. Anacheka tu, hata pasipochekesha.

"Njoo, baba," Mama alimwambia Rhett. "Leo tunatengeneza bata."

"Unajua kweli wewe?"

"Mimi? Nani alimfundisha dada yako?"

"Noreen anajua zaidi. Wa kwake ana soksi."

"Soksi? Kwani bata wa Noreen anasikia baridi?"

"Si ni Novemba," Rhett alisema, kama anamweleza mtu asiyejua kitu.

Mama alicheka. Kisha Rhett akaweka mkono kwenye karatasi ya kahawia, mwenyewe, bila kusukumwa. Mama akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili ili asitikisike. Tangu waanze kuonana mle ndani Rhett alikuwa hajawahi kukubali kushikwa. Penseli ilipanda kidole, ikashuka, ikapanda, taratibu mno, mpaka Rhett akajikunja kwa kicheko.

"Unanitekenya bwana."

"Samahani, baba. Tulia, nakaribia."

Adelyn alijifanya anatafuta gundi chini ya meza.

Walikata, wakabandika mdomo wa njano. Adelyn akachukua kalamu. "Unashukuru nini? Sema, niandike."

"Biscuit." Huyo ni mbwa wa Noreen.

"Kingine?"

"Noreen."

Kalamu ya Adelyn iligoma. Mama akasema, bila kumwangalia, "Andika, Addie. Kasema Noreen, andika Noreen."

Unyoya uliofuata ukawa theluji. Ukabaki mmoja. Adelyn akainama sikioni mwa mdogo wake, "Sema Mama."

Rhett alifikiri, akatazama dari. "Piza."

"Hata mimi naishukuru piza," Mama alisema, akacheka tena, na mikono akaificha chini ya meza.

Bi Lundgren akatazama saa, akamgeukia Mama. "Roxanne, tunakaribia kumaliza."

Adelyn alimpiga Rhett teke dogo. "Mpe."

Rhett akamkumbatia bata kifuani. "Huyu wa Noreen. Kaniachia nafasi ya kumbandika kwenye friji."

"Tulikubaliana. Dinosau mawili."

"Sitaki madinosau yako mabovu."

"Rhett, nitakufinya."

Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka, machozi yakaja. Kwenye kona vidole vya Bi Lundgren vikaanza kugonga kompyuta.

"Hapana, hapana, ni wako," Mama alisema haraka. "Nenda naye, baba. Tutengeneze kengine? Kadogo tu, dakika moja."

"Mkono wangu umechoka."

"Muda umeisha, Roxanne," Bi Lundgren alisema, na kwa kweli sauti yake haikuwa mbaya. "Kuna familia nyingine nje. Vaeni makoti, hapo mezani niachieni mimi."

Ndipo Adelyn akaiona ile karatasi ya kahawia iliyobaki, ina tundu katikati, tundu la mkono wenye vidole vyote. Mama naye alikuwa ameiona. Alinyoosha mkono. Lakini Bi Lundgren alishazoa kila kitu pamoja, akakikunjakunja, akakitupa kwenye pipa. Mkono wa Mama ulibaki hewani kidogo, kisha ukaenda kumfunga Adelyn zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Mama, mwambie akupe."

"Vaa kofia."

"Mwambie."

"Addie," Mama alinong'ona. "Nikimwona anaandika tena, sitaweza kucheka. Vaa kofia."

Adelyn akaenda mwenyewe. Aliingiza mkono kwenye pipa. Boksi la juisi lilikuwa limemwagikia humo, na alipoikunjua ile karatasi ilimkatikia mikononi, vipande laini vya kahawia, huwezi kujua kidole kiko wapi.

"Umepoteza kitu, mpenzi?" Bi Lundgren aliuliza.

"Hapana."

Akajifuta kwenye koti. Rhett alishafika mlangoni, anampeperusha bata wake, anamwita Noreen aje aone. Mama alisimama na karatasi zake ambazo hazijatumika, akisubiri watoke wao kwanza, ndiyo sheria.

"Mwakani tutatengeneza mkubwa zaidi," Mama alisema kwa nguvu, ili asikike mpaka kwenye kona.

"Ndiyo, Mama," Adelyn alisema.

Hakuna aliyemwangalia mwenzake.